Mkasi wa Mama Kesho

Haya nimeyasikia kwa wifi yangu mwenyewe, juma lililopita, alipokuja kunipima gauni nikamkalisha jikoni tumenye njegere kwanza. Wifi yangu si mtu wa kusema mabaya yake. Lakini siku hiyo alitoa mkasi mpya mkobani, nikamuuliza ule wa zamani umekwenda wapi, na hapo ndipo alipoyamwaga yote. Nami nayaandika kama yalivyomwagika. Sijaongeza chumvi, maana chumvi ilikuwamo tayari.

Mtaani kwao hakuna anayemwita kwa jina lake. Wanamwita Mama Kesho. Ni fundi wa nguo, na mkono wake ni mzuri, hilo hata maadui zake hawalikatai. Ukimpelekea kitambaa atakipokea kwa mikono miwili, atakisifia rangi, atakupima mabega na kiuno huku amebana pini mdomoni, halafu atazitema pini na kukwambia, "Njoo kesho." Ukienda kesho, utaambiwa kesho. Ukija juu, utaambiwa umeme ulikatika, uzi wa rangi yako umekwisha dukani, sindano imevunjika. Ukizidi kuja juu, binti yake atatoka mlangoni akuambie mama katoka, na wewe unasikia cherehani inalia ndani.

Tena ana hila moja ambayo mafundi wenzake wote wanaijua. Mteja akigeuza tu mgongo, kitambaa kinakatwa. Sikusema kinashonwa. Kinakatwa. Kwa sababu kitambaa kizima mwenyewe anaweza kukasirika, akakidai, akampelekea fundi mwingine. Kilichokatwa hakina pa kwenda. Kinatiwa kwenye mfuko chini ya meza, kinangoja, na mwenyewe anangoja nacho.

Kitu kimoja tu katika nyumba ile kilikuwa hakijui habari za kesho, nacho ni mkasi. Ulikuwa mkubwa, mweusi, mzito kama nyundo, aliachiwa na mwanamke aliyemfundisha kazi. Ukimaliza kazi ulipakwa mafuta papo hapo na kufungwa kitambaani. Haukukata kitu kingine zaidi ya nguo. Karatasi inaua makali, kila fundi atakwambia hivyo, na Mama Kesho alikuwa anaamini kuliko mafundi wote. Binti yake alipokuwa mdogo aliwahi kukata nao picha ya gazeti. Mpaka leo amekuwa mtu mzima, ukimtajia gazeti anajishika sikio. Na kwa kuwa Mama Kesho hakumwamini mtu, kila alipotoka alitoka na mkasi wake mkobani.

Huyo binti ni msusi. Ana vidole vyepesi. Anaweza kukusuka nywele nyembamba kama uzi ukasinzia kitini. Na kusema kweli vidole vile ndivyo vilivyokuwa vinapika chungu cha nyumba ile, wakati kesho za mama yake zinapanga foleni chini ya meza.

Sasa huyu binti aliteleza saluni. Maji ya kuoshea kichwa yalimwagika sakafuni, akakanyaga, akatanguliza mkono wa kulia ili asiangukie uso. Kiwiko kikanusurika, kifundo cha mkono kikavunjika. Wakamkimbiza kwenye hospitali ndogo iliyo karibu, akafungwa plasta kuanzia karibu na vidole mpaka kupita kiwiko, akapewa kadi yenye tarehe ya kurudi. Daktari alipokuwa ananawa mikono akasema neno moja, na Mama Kesho alilisikia kwa masikio yake: "Vidole vikivimba, vikawa baridi, msingoje tarehe. Mje mbio."

Siku ya pili mkono ulianza kuuma. Usiku wake hakuna aliyefumba jicho. Binti alizunguka chumbani kama kuku anayetafuta pa kutagia, mara ainue mkono, mara aushushe. Kulipokucha, Mama Kesho akafungua dirisha amtazame vizuri. Vidole vilikuwa vimejaa kama mkate uliochachuka, na kucha zimefanya rangi ya zambarau iliyoiva. Akavishika. Baridi, kama vya mtu aliyeshika barafu.

"Vinauma?"

"Jana vilikuwa vinauma, mama. Sasa hivi sivisikii."

Mama Kesho akachomoa sindano kifuani mwake, pale anapozichomeka siku zote, akakigusa kidole cha kati kwa ncha.

"Unasikia?"

"Umeshagusa?"

Mama Kesho akairudisha sindano kifuani. Alivaa viatu.

Pale hospitali, chumba cha mapokezi ni kirefu, kimewekwa mabenchi ya mbao, na mwisho wake kuna kioo. Katikati ya kioo pametobolewa kitundu cha kusemea, lakini aliyekitoboa alikitoboa chini, hata mtu mfupi lazima ainame, aongee akiwa amebong'oa kama anayetafuta sarafu iliyodondoka. Kando ya kioo kuna mlango wa kwendea kwa daktari. Mlango ule unafunguliwa na mtu mmoja tu, naye ni karani aliyekaa nyuma ya kioo. Wagonjwa walimpa jina, Komeo.

Komeo alikuwa mwanamke wa makamo, mpana wa mabega, nywele zimelazwa vizuri, chupa ya chai pembeni. Asubuhi ile alikuwa amekwisha kuamka vibaya, au pengine ndivyo anavyoamka siku zote. Mzee mmoja aliinama akasema miguu inamshinda kusimama, hivyo anaomba apite mbele.

"Baba, uzee ni wako, foleni ni yetu wote," Komeo akamjibu. "Rudi nyuma."

Akaja mama aliyebeba mtoto anayekohoa.

"Huyo akakohoe nje. Humu ndani tumo watu."

"Na yeye si mtu?"

"Akiacha kukohoa nitamhesabu. Anayefuata!"

Ilipofika zamu yao, Mama Kesho akainama, akapitisha kadi kwenye kitundu. Kioo kilikuwa kinarudisha mwanga wa mlangoni, akawa anaona uso wake mwenyewe kuliko anavyoona wa karani. Lakini karani alikuwa anamwona vizuri sana.

"Tarehe ya kadi hii bado," Komeo akasema.

"Najua, mwanangu. Ila daktari alituambia..."

"Mimi si mwanao."

"Basi dada. Daktari alisema vidole vikivimba tusingoje tarehe. Hebu mtazame. Vimevimba, vimekufa ganzi."

"Plasta kazi yake ni kubana. Mngetaka kitu kisichobana mngemfunga leso."

"Nimemchoma sindano hakusikia!"

"Nani kakutuma umchome sindano? Umekuwa muuguzi?" Komeo akairudisha kadi kwa ncha ya kalamu, kama anayesukuma mende. Kisha akasogea karibu na kioo, na Mama Kesho akauona uso wake sawasawa kwa mara ya kwanza. "Hunikumbuki, eti?"

Mama Kesho akamtazama. Uso haukumwambia kitu. Fundi hakumbuki nyuso.

"Kitambaa cha zambarau," Komeo akasema taratibu. "Kina maua meupe madogo. Mikono mirefu, kola ya duara. Harusi ya mdogo wangu."

Kitambaa alikikumbuka. Kilikuwa chini ya meza, upande wa ukutani, kimekatwa siku ile ile kilipoletwa.

"Nilikuja kwako," Komeo akaendelea, na sauti yake sasa ilikuwa inafika benchi la mwisho, "mpaka mbwa wa mtaani kwenu wakaacha kunibwekea. Wakawa wananisindikiza. Njoo kesho, njoo kesho! Siku ya harusi nikaenda na gauni la kuazima. Nikainama kumkumbatia bibi harusi, likapasuka mgongoni, pwaa, mpaka kiunoni. Video ipo. Watoto wa ukoo wanairudisha nyuma waone tena pale linapopasuka. Kila sikukuu, mama. Kila sikukuu!"

Kwenye foleni mtu akacheka. Mwanamume mmoja aliyefungwa bandeji sikioni akanyoosha shingo. "Kumbe huyu ndiye Mama Kesho? Mama, na suruali yangu je?"

"Na yeye!" Komeo akasema kwa raha. "Basi leo mimi ndiye fundi, wewe mteja. Njoo kesho."

Mama Kesho alikuwa na ulimi, na watu wote wa mtaani wanaujua. Siku nyingine angeutoa. Lakini aliviona vidole vya binti yake pembeni yake, akaumeza ulimi wake kama mtu anayemeza mwiba wa samaki.

"Nakuomba radhi," akasema, bado ameinama. "Kosa la nguo ni langu. Nimekukosea, sibishi. Lakini mkono si wangu, ni wa huyu. Huyu hakupokea kitambaa chako."

"Huyu?" Komeo akamkata jicho binti. "Huyu ndiye aliyekuwa anasimama mlangoni, 'Mama katoka, shikamoo dada, mama katoka,' na cherehani inaunguruma mgongoni kwake. Au siye wewe?"

Binti akatazama sakafu. Ndiye.

"Nguo ikichelewa itavaliwa mwakani," Mama Kesho akasema. "Mkono ukichelewa unazikwa."

"Kwako wewe nguo ni nguo. Kwangu mimi ilikuwa uso wangu mbele ya watu. Usinitishe na mazishi, hapa ni hospitali, tunayaona kila siku. Anayefuata!"

Akakiziba kitundu kwa kibao cha "Pamefungwa".

Mama Kesho akaenda kwenye ule mlango wa pembeni, akausukuma. Umefungwa. Mlinzi aliyekaa kwenye stuli, mtu mzima mwenye kirungu magotini, akatikisa kichwa.

"Mama, bila neno la dirishani sipitishi mtu. Nisamehe. Na mimi nina wanaonitegemea."

"Niitie daktari tu."

"Daktari yuko ndani. Ndani anafungua yeye." Akaelekeza kidevu kwenye kioo, akateremsha macho.

Wakakaa kwenye benchi. Kibao kikaondoka, watu wengine wakahudumiwa. Wengine waliingia, wengine walifukuzwa. Mama Kesho alirudi dirishani, akaambiwa foleni inaanzia nyuma. Alipanga foleni upya, akafika, kibao kikarudi. Karani anakunywa chai. Aliyefungwa bandeji alisimama karibu nao akimkumbusha suruali yake ilivyokuwa, rangi ya kahawia, mifuko miwili nyuma. Jua lilisogea kutoka mlangoni likafika kwenye miguu yao. Vidole vilizidi kuwa vyeusi.

"Mama," binti akasema kwa sauti ya mtu aliyechoka kuumwa, "twende nyumbani. Amesema kesho. Tutakuja asubuhi mapema."

Wifi yangu alipofika hapa aliacha kumenya njegere. Alisema neno lile "kesho" kutoka kinywani mwa mtoto wake lilimpiga kama kofi. Maana yeye anaijua kesho. Ameitengeneza kwa mikono yake, ameigawa kwa watu miaka na miaka. Anajua kwamba haina siku, haina saa. Ni mlango uliochorwa ukutani kwa chaki, unagonga mpaka mkono unauma na nyuma yake ni tofali tupu.

Akafungua mkoba. Akatoa chupa ya maji ya kunywa, akaimimina yote juu ya plasta, pale kwenye kiganja, akaisugua kwa kidole gumba mpaka ukingo ukaanza kulainika. Kisha akafungua kitambaa, akautoa mkasi.

"Mama!" Binti alisahau maumivu. "Mama, mkasi!"

"Nyamaza. Weka mkono hapa."

Ndipo binti alipoogopa kweli. Maneno ya daktari hayakumwogopesha hivyo, wala rangi ya vidole. Alipouona mkasi ule umefunguliwa juu ya kitu kisicho nguo, alijua kuna msiba karibu.

Mkasi ukauma plasta. Krrr. Mama Kesho alisikia makali yakisagika, akayasikia kwenye meno yake mwenyewe. Akabana tena kwa mikono miwili. Krrr. Vumbi jeupe likamwagika magotini, maji yakatiririka sakafuni kama maziwa. Watu wakageuza shingo. Akakata upana wa kidole, akakata mwingine, jasho linamdondoka puani, na kila alipobana mkasi ulikuwa unakata kidogo zaidi na kutafuna zaidi.

Kibao kikaruka.

"Wewe! Unafanya nini? Unanichafulia sakafu!"

"Nakata," Mama Kesho akajibu bila kuinua kichwa. "Mimi kazi yangu kukata. Kushona mtakuja kushona nyinyi wenyewe."

"Mlinzi! Mtoe huyo mwendawazimu!"

Mlinzi akainuka na kirungu chake. Akafika pale benchini, akainama amshike Mama Kesho bega, akaviona vidole. Mkono wake ukabaki hewani.

"Dada," akaita kuelekea kwenye kioo, "hebu njoo uvione hivi vidole."

"Mimi si daktari!"

"Wala mimi. Ila nina macho."

"Tarehe yake bado! Nikifungua, lawama ya nani?"

"Yangu," mlinzi akasema. "Fungua."

"Fungua, bwana!" akapaza sauti yule mwenye bandeji. "Mimi namdai suruali tangu masika ya mwaka juzi, lakini fungua!"

Na yule mama wa mtoto anayekohoa akasimama. Na mzee wa miguu akapiga fimbo sakafuni. Komeo akawatazama wote, mmoja mmoja, kwa macho ya mtu anayekariri nyuso za kuja kulipiza. Halafu mlango ukalia, kla. Mlinzi hakungoja, akausukuma kwa bega, akaingia akipiga makelele korido nzima.

Akatoka mtu wa plasta, jibaba la mtu lenye aproni iliyoganda chokaa, na msumeno mdogo wa umeme mkononi. Akautazama mkono, akautazama mkasi uliokwama.

"Nani kaanza?"

"Mimi," Mama Kesho akasema.

"Umemchana ngozi."

"Nimemchana."

"Unajua ungekata mshipa?"

"Wewe ulikuwa wapi nisiukate?"

Yule mtu wa plasta akasonya, akambeba binti kama mzigo wa kuni, wakaingia ndani. Msumeno ukanguruma, plasta ikapasuliwa toka juu mpaka chini ikafunguka kama ganda la karanga. Mkono ulikuwa umejaa michirizi, umepigwa mhuri wa kila mkunjo wa bandeji. Daktari akaja mbio, akawa anabonyeza kucha moja moja na kuachia, anangoja rangi. Chumba kizima kikangoja naye. Kidole gumba kikarudi. Cha shahada kikarudi. Kile kidogo, kisha jirani yake. Cha kati kikakawia, kikakawia sana, Mama Kesho akajikuta anakisemesha moyoni kama anavyosemesha wateja wake: bado kidogo, bado kidogo. Mwishowe wekundu ukaingia, hafifu, kama soni kwenye shavu la mtu mkavu. Na binti akaanza kulia kwa maumivu.

"Alie," daktari akasema. "Anayelia anasikia. Mngekaa mpaka kesho, tungekuwa tunazungumza habari ya kuukata." Kisha akamgeukia Mama Kesho kwa ukali. "Si niliwaambia mje mbio? Mlikuwa wapi?"

"Hapo nje," Mama Kesho akasema. "Tangu asubuhi. Nyuma ya ukuta huu huu."

Daktari akatoka. Kilichosemwa huko nje hakikusikika vizuri, ila sauti ya Komeo ilipenya. "Tarehe kaandika nani? Mimi? Uliandika kwenye kadi kwamba aje muda wowote? Basi!" Na mlango ukapigwa. Nani alishinda, wifi yangu hajui mpaka leo.

Mkono ulifungwa upya, safari hii kwa kipande cha ubao cha kuushikiza na bandeji iliyolegea. Lakini ili watoke lazima wapite dirishani wakapewe tarehe mpya. Mama Kesho akainama kwenye kile kitundu. Macho ya Komeo yalikuwa mekundu, iwe kwa kulia au kwa hasira, na Mama Kesho hakutaka kujua.

Mhuri ukashuka kama nyundo. Kadi ikarudi.

"Gauni langu," Komeo akasema.

"Lipo."

"Sitaki lipo. Nirudishie kitambaa changu."

"Kilishakatwa."

"Nilijua!" Akacheka kicheko kikavu. "Nilijua, nyoka wewe. Basi tutaonana tarehe hiyo. Ukija mikono mitupu utakaa kwenye benchi hilo mpaka liote mizizi."

"Na wewe siku moja utaugua. Utainama upande huu wa kioo."

"Nikiugua sitakwenda kwa fundi."

"Bora usiende," Mama Kesho akasema. "Maana fundi angekukata."

Wakaachana hivyo. Hakuna aliyemwambia mwenzake pole.

Nyumbani, binti alilazwa na mito mitatu chini ya mkono. Akanywa dawa, akanywa uji, akalala jua likiwa bado linaonekana juu ya mabati ya jirani, akifidia usiku wa jana. Mama Kesho na yeye alikuwa hajafumba jicho, lakini akapiga magoti chini ya meza, akavuta mifuko, mmoja baada ya mmoja, mpaka akaupata ule wa ukutani.

Zambarau, maua meupe madogo. Kitambaa kizuri. Akavipanga vipande kitandani kwake: mgongo, kifua, mikono, kola ya duara. Akachukua mkasi apunguze nyuzi zilizochomoza. Mkasi ukatafuna. Akaupeleka dirishani, akapitisha kidole kwenye makali. Yalikuwa na mapengo kama kinywa cha bibi kizee. Akaufunga kitambaani kwake, taratibu, akauweka rafuni. Akachukua wembe.

Jicho la fundi halina likizo. Hata pale kwenye kioo, hata wakati anatukanwa, lilikuwa limekwisha kuona kwamba mabega ya yule mwanamke yameongezeka tangu siku ya kipimo. Akishona kwa kipimo cha zamani, gauni litaingia kwa shida, litakaa siku moja, na siku atakayoinama litapasuka mgongoni kwa mara ya pili. Na hakuna atakayeweza kumlaumu fundi. Kipimo ni kipimo. Mama Kesho akatabasamu peke yake. Akabana pini, kipimo cha zamani hicho hicho, akaanza kukanyaga cherehani.

Alikuwa amefika katikati ya mshono wa mgongo aliposikia binti anaguna usingizini. Akageuka. Vidole vilivyotokeza kwenye bandeji vilikuwa vinachezacheza, vinakunja na kukunjua, kama vinasuka kichwa cha mtu huko ndotoni. Vyote vitano.

Mama Kesho akalisimamisha gurudumu kwa kiganja. Kisha akachukua wembe akafumua mshono. Akaupanua kwa mabaki ya kitambaa yaliyokuwa mfukoni, na ndani akaacha akiba ya kutosha, hata yule mwanamke akinenepa tena litaongezeka. Huruma haikuwamo, wala msinielewe vibaya. Huruma haikuingia chumba kile. Alitaka tu Komeo apate gauni linalomkaa sawasawa, mbele na nyuma, akose neno la kusema. Abaki na moyo wake ule, na asiwe na nguo ya kuusingizia.

"Hodi!" Mtu kabisha nje. "Hodi Mama Kesho!"

Alikuwa yule wa bandeji ya sikio. Hakukuwa na wa kumwambia mama katoka. Mama Kesho akaenda mlangoni mwenyewe.

"Nimepita kuuliza mkono wa binti," yule bwana akasema. "Na suruali."

"Mkono umerudi. Kalala. Suruali sijaianza."

"Aa. Basi nije lini?"

Mama Kesho akafungua mdomo. Neno lilikuwa pale pale kwenye ncha ya ulimi, limekaa kama paka kwenye mkeka wake. Akalifukuza.

"Sijui," akasema.

Yule bwana akashangaa. "Hujui? Mama, wewe sema kesho tu, niende zangu kwa amani!"

"Nimekwambia sijui. Mkasi wangu umekufa. Nikipata mwingine nitakuita."

Akaondoka anatikisa kichwa, anamwambia mtu wa njiani kwamba yule mama kaharibikiwa akili kabisa.

Mama Kesho akarudi kwenye kiti. Mwanga wa jua ulikuwa unafifia ukutani. Akashona mgongo, akashona mabega, akaingiza mkono wa kwanza. Mkono wa pili akaubana pini tu. Akasema atapumzisha macho kidogo, kidogo tu, halafu amalizie. Akalaza shavu juu ya kitambaa cha zambarau, mguu bado uko juu ya pedali, na gurudumu likazunguka mara moja, polepole, likasimama naye.